Baba na Mtani Wake Mtaliano

Mimi nauza vitenge Kariakoo, na mtu anayeuza vitenge Kariakoo humsoma mteja kabla hajafungua mdomo. Huyu ananunua, huyu anauliza bei tu akamringie shoga yake, huyu katumwa na mama mkwe na ana hasira. Yule mzee wa Kizungu aliposimama mbele ya duka langu na mwavuli mweusi mkononi, jua linawaka na mvua hata dalili hakuna, nilijua hanunui kitu. Nikamwambia karibu kwa mazoea. Akanijibu, "Asante sana, mama. Habari za asubuhi? Samahani kwa kukupotezea muda wako." Kiswahili kimenyooka, kimepigwa pasi. Loh! Nikamvutia kiti.

Alikuwa Mtaliano. Ujanani alikuwa fundi wa barabara huko mikoa ya kusini, ndiko alikojifunzia lugha, na sasa amestaafu na amerudi, amepanga chumba Upanga. Aliyemleta kwangu ni jirani yangu wa duka la jumla, Mchaga mmoja anayejua habari za watu kuliko balozi wa nyumba kumi. Alikuwa amemwambia kwamba babu yangu alikuwa askari wa Keya, lile jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, na kwamba alipigana na Wataliano huko Uhabeshi wakati wa vita vikuu.

"Ni kweli," nikamwambia, "lakini babu alishafariki zamani. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaanza shule."

"Na baba yako?"

"Baba yupo. Magomeni."

Akavuta pumzi, akanieleza shida yake pale pale, watu wanapita na mizigo kichwani. Baba yake alikuwa askari wa kawaida katika divisheni ya askari wa miguu, maelfu ya watu, waliopelekwa Uhabeshi baada ya nchi kutekwa. Kazi yao haikuwa kupigana sana. Ilikuwa kukaa. Kukaa kwenye nchi ya watu, kulinda barabara, kukusanya chakula, kuwanyamazisha wenyeji. Sasa watoto wa askari wale, wote wazee, wanaandika historia ya divisheni yao, na yeye amepewa ile miaka ya kukaa. Makaratasi yanasema walijenga madaraja. Yanasema walichimba visima. Yakifika kwenye kijiji fulani kilichokuwa juu ya mto, karibu na mahali Keya walipowakamata, yanasema tu kwamba divisheni ilipita hapo.

"Mama yangu akiunguza chakula," akasema, "baba alikuwa anatoka nje. Harudi mpaka harufu iishe. Hakuwahi kusema kwa nini." Akauinamia mwavuli wake. "Nataka kujua kama baba yangu alifanya ubaya pale. Nimeshazeeka, mama. Nataka kujua, halafu niandike."

Mimi sina moyo mwepesi, Kariakoo haikuniachia. Lakini yule mzee nilimwonea huruma. Nikamwambia Jumapili nikitoka kanisani nitampeleka.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu, maana bila hilo hakuna atakayeelewa upuuzi uliofuata. Sisi ni Wangoni wa Songea. Zamani tulipigana na Wahehe, tukapigana na wengine pia, na wale tuliopigana nao ndio watani wetu leo. Mtani anaingia nyumbani kwako, anachukua kuku wako, anaondoka naye, na wewe unabaki mdomo wazi. Anakuita mtumwa wake. Msibani kwako anaweza kulala kaburini akakataa kutoka mpaka apewe chochote, na waliofiwa wanacheka huku wanalia. Huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa.

Baba yangu yeye alikuwa na hesabu zake. Wangoni walipigana na Wahehe, Wahehe ni watani. Baba yake alipigana na Wataliano, basi Wataliano nao ni watani. Tulimwambia jambo hilo halipo, akatuambia nyie watoto wa mjini mnajua nini. Italia ikifungwa kwenye mpira anapiga makofi peke yake sebuleni. Ilipokosa Kombe la Dunia alinipigia simu dukani, wateja wamejaa, kuniambia watani wake wamebaki nyumbani wanaosha vyombo.

Kwa hiyo Jumapili ile, mzee wa watu alipoingia akainama kwa heshima zote na kusema, "Shikamoo, kaka," baba alimtazama juu mpaka chini.

"Marahaba, mateka," akasema. "Nani kakufungulia?"

Halafu akaunyakua mwavuli. Baba alifanya kazi ya winchi bandarini miaka mingi, miguu imeshamvimba na moyo unamsumbua, lakini mikono bado ilikuwa na nguvu. Akauweka nyuma ya kiti chake. "Hizi ni nyara za vita," akasema. "Kaa chini. Mmeshakula huko gerezani?"

Mimi nilikuwa nacheka. Mtaliano hakucheka. Alikaa kwenye ncha ya kochi, akaeleza habari ya divisheni na kijiji kwa sauti ndogo, na baba akawa anamsikiliza huku anamenya chungwa. Alipokitaja kile kijiji juu ya mto, kisu kikasimama.

"Hicho?" baba akasema. "Baba alipita hapo. Alikuwa anakisema mpaka siku zake za mwisho."

"Alisema nini?"

Baba akamtazama kwa muda. Nilidhani atasema. Kisha akakata chungwa vipande viwili, akampa kimoja. "Mateka haulizi maswali," akasema. "Kula."

Mtaliano aliondoka bila mwavuli na bila jibu. Njiani kwenda kituoni hakuongea, na mimi nilikuwa na haraka ya kurudi kupika, sikumuuliza. Nilipaswa kumweleza utani pale pale. Lakini nilidhani mtu aliyekaa kusini miaka yote ile anajua.

Hajui. Jumapili iliyofuata alikuja amevaa koti na tai, Magomeni, saa nane mchana, jasho linamtiririka. Akasimama katikati ya sebule ya baba, akaweka mikono mbele, akaanza kuomba radhi. Aliomba radhi kwa niaba ya nchi yake. Akaomba radhi kwa niaba ya baba yake. Akasema anaelewa kwamba familia yetu ina uchungu na Wataliano na tuna haki ya kuwa nao, na kwamba mwavuli ule ni kitu kidogo sana, baba abaki nao daima. Jamani! Nilitamani nijifunike khanga uso mzima.

Baba aliinuka taratibu, akishikilia mkono wa kiti, akauchukua mwavuli, akampa kwa mikono miwili. Akatoa mto kwenye kiti chake mwenyewe, akauweka kwenye kochi.

"Mgeni wetu," akasema, "karibu ukae. Ulisafiri salama?"

Nikajua mambo yameharibika. Mchana mzima ulikuwa mgeni hiki, mgeni kile. Mgeni aongezewe chai. Mgeni asikae penye feni, atapata mafua. Waliongea habari za mvua na foleni. Kila Mtaliano aliposogea karibu na kile kijiji, baba alimuuliza kwao wanalima nini.

Tulipotoka, mzee wa watu uso umemng'aa. "Nadhani sasa baba yako ananipenda," akasema.

"Anakupenda nini? Umeharibu!"

Nilimsimamisha palepale barabarani, nikamweleza. Mtani haombwi radhi. Ukimwomba radhi mtani umemwambia mimi na wewe si watani, mimi na wewe tuna kesi. Na baba yangu kalelewa kizamani. Kumsema vibaya baba wa mgeni, mgeni mwenyewe kaketi na kikombe cha chai, hawezi hata umpe nini. Mtani ndiye anayeambiwa lolote. Mtani unamwambia baba yako alikuwa mwizi, anakujibu wa kwako ndiye aliyemfundisha, mnakula pamoja. Baba alikuwa anamfungulia mlango siku ile ya kwanza kwa njia pekee aliyoijua, na yeye akaufunga kwa tai.

Akasoma uso wangu kama natania. "Sasa nifanyeje?"

"Mtukane."

"Mzee mgonjwa? Nyumbani kwake?"

"Ndiyo. Na umtukane vizuri."

Haikuwezekana. Mtu huyu adabu ilikuwa imemwingia kwenye mifupa. Jumapili moja alimwambia baba, "Samahani sana, kaka, lakini wewe ni mjinga kidogo," halafu akageuka mwekundu, akaomba maji. Baba akamshukuru kwa ukweli wake. Nilitoka nje nikacheka mpaka nikakaa kwenye ngazi, lakini nilikuwa na hasira pia, na hasira yenyewe ilikuwa kwa baba. Nikamfuata jikoni baadaye.

"Baba, mwambie huyu mtu. Anakuja kila wiki. Kama huwezi kumwambia yeye, niambie mimi, nimfikishie."

"Wewe hayakuhusu."

"Babu yangu, halafu hayanihusu?"

"Nimesema." Akanigeuzia mgongo. "Hayo si ya kupitishia kwa mtu wa kati. Na wewe ukiyasikia utamwona babu yako vingine."

Nilikasirika, nikaosha vyombo kwa kishindo. Babu yangu nilikuwa namjua kwa picha moja tu ukutani, kavaa kaptula na kofia ya Keya, kasimama wima. Vingine vipi?

Halafu baba akaugua kweli. Moyo. Alilazwa, na mimi nikawa nafunga duka mapema, naenda kukaa pembeni ya kitanda chake nikiwaza mambo ambayo mtu hapaswi kuyawaza mzazi wake akiwa hai. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa sana. Mtaliano alikuwa anakuja wodini, anasimama mlangoni na kofia mkononi, haulizi chochote, anaondoka. Hakuna siku aliyotaja kile kijiji. Lakini nilikuwa namwona anavyomtazama baba anavyohema, nikajua naye anaogopa, na kwamba hofu yake imechanganyika na nyingine ambayo anaionea aibu. Kama baba akienda, kijiji kinaenda naye.

Daktari alimruhusu. Tukamrudisha Magomeni amepungua, sauti imekuwa nyembamba, tukamweka kwenye kiti chake. Majirani walikuja kumpa pole kwa sauti za chini chini, kama ilivyo. Mtaliano naye alikuwepo, kakaa kwenye kona. Ndipo akaingia mama mmoja wa nyumba ya tatu, Mhehe, mtani wetu wa siku zote. Hata hodi hakupiga.

"Wee Mngoni!" akasema. "Hujafa tu? Mimi nimeshanunua kitambaa cheusi, dukani hawarudishi. Sasa nitakivaa wapi?"

"Kavae harusini kwako," baba akasema, "ukipata wa kukuoa."

"Nitaolewa na wewe ukishakuwa maiti, utakuwa umepunguza maneno." Akabeba chupa ya chai iliyokuwa mezani, akaibana kwapani. "Hii naenda nayo. Mgonjwa haruhusiwi sukari." Akatoka na chupa yetu.

Baba alicheka. Tangu augue hajacheka, na sasa alicheka mpaka akakohoa, mpaka nikamshika mgongo. Machozi yalikuwa yananitoka na mimi, sijui kwa nini. Nilipoinua kichwa nikamwona Mtaliano. Alikuwa anautazama mlango aliotokea yule mama. Kisha akamtazama baba, akamtazama muda mrefu, na nikaona kuna kitu amekielewa ambacho maneno yangu yote ya barabarani hayakumwelewesha.

Jumapili iliyofuata nilimpikia baba supu ya kuku, haina chumvi, masikini, hata mimi nisingeinywa. Nikamwekea bakuli mapajani. Mlango ukafunguliwa bila hodi. Mtaliano aliingia, hana tai, hakutoa shikamoo. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kiti cha baba, akalichukua bakuli mapajani mwake, akakaa, akaanza kunywa.

Mimi nilisimama na mwiko mkononi.

"Mbaya," akasema. "Sasa naelewa kwa nini baba yangu alirudi nyumbani amekonda. Mliwapikia hivi mateka?"

Baba alikuwa amekodoa macho.

"Na nikuambie kitu kingine," Mtaliano akaendelea. "Baba yako hakumkamata baba yangu. Baba yangu alikuwa amekaa chini anapumzika. Alikuwa amechoka kukimbia. Angepumzika mapema kidogo, akanyanyuka, mpaka leo mngekuwa mnamtafuta, nyie na kaptula zenu."

Nikasikia feni inavyozunguka. Nikasema moyoni, Mungu wangu, moyo wa baba.

Baba akapiga paja lake kofi. "Alikuwa anakimbia kwelikweli!" akasema. "Baba alisema hivyo! Alisema hawa watu wana mbio, tatizo lao wanakimbilia mlimani!" Akacheka, na Mtaliano akacheka, bakuli linamwagika kwenye suruali, na baba akanyoosha mkono akamnyang'anya. "Lete supu yangu, mateka. Mwizi wewe. Tangu lini umejifunza?"

"Kwa yule mama wa chupa."

"Wahehe watakuharibu." Akanywa kijiko kimoja, akakunja uso, akaniachia bakuli. Kisha akajifuta mdomo kwa kiganja. Nilipotaka kwenda jikoni akaniambia, "Kaa na wewe." Nikakaa.

Baba alianza bila kuulizwa. Akasema Keya walifika kwenye kile kijiji asubuhi, wametembea usiku kucha bila chakula. Kijiji hakikuwepo. Kuta tu. Vihenge vyote vya mtama vilikuwa vimechomwa na ile divisheni kabla haijaondoka, ili chakula kisibaki nyuma, na mtama ulikuwa bado unafuka moshi. Wataliano walikuwa chini, karibu na mto, wameshaweka silaha. Afisa wa Kiingereza akataka kujua nani aliyechoma. Akaamuru mateka wapangwe mstari mmoja, akaletwa bibi wa kijijini, pamoja na mkalimani, aonyeshe.

"Bibi akatembea," baba akasema. "Toka mwanzo wa mstari mpaka mwisho. Kila uso anausimamia, anautazama. Alipofika mwisho akarudi tena mpaka mwanzo. Akasema, hawa. Afisa akauliza, yupi? Akasema, hawa. Afisa akamwambia mkalimani amweleze vizuri, anatakiwa aliyewasha moto, mtu mmoja au wawili. Bibi akasema nimeelewa. Hawa."

Mtaliano alikuwa ameweka mikono magotini. "Baba yangu alikuwa kwenye mstari huo."

"Kama alikamatwa pale, alikuwepo."

"Lakini haijulikani kama yeye ndiye..."

"Haijulikani," baba akasema. "Bibi hakuulizwa majina."

Nilidhani amemaliza. Nikataka kuinuka, nichemshe chai, nifanye chochote. Baba akanishika mkono.

"Kulikuwa na kihenge kimoja kilichopona," akasema. Sasa alikuwa hamtazami Mtaliano, ananitazama mimi. "Kilikuwa nyuma ya nyumba ya yule bibi. Keya walikuwa wamekivunja. Walipokuwa wamesimama pale kulinda mateka, walikuwa wanatafuna mtama wake, umejaa mifukoni. Baba pia. Bibi alipomaliza na Wataliano akageuka, akatutazama sisi. Akamwambia mkalimani, na hawa."

Niliitazama picha ya babu ukutani, kwa sababu sikujua nitazame wapi, na ilikuwa picha ile ile. Nilihisi uchungu, na nilihisi hasira kwa baba kwa kunipa jambo hili, na papo hapo nikaelewa kwa nini alinikatalia.

Mtaliano alikuwa amejifunika uso. Alipoongea alikuwa anaongea na viganja vyake. "Kila Jumapili nikija hapa," akasema, "njia nzima nilikuwa naomba uniambie hakuwepo. Kwamba siku hiyo alikuwa hospitali, au alikuwa ametumwa mbali."

Baba akamwekea mkono begani. Hakumwita mateka, wala hakumwita mgeni.

"Hata mimi, mdogo wangu," akasema. "Nilikuwa namuuliza hivyo hivyo baba yangu. Namwambia, baba, labda wewe siku hiyo ulikuwa nyuma, hukuwepo pale mbele. Nimemuuliza utotoni, nimemuuliza nikiwa na watoto wangu."

"Akakujibu nini?"

"Aliniambia alikuwa na njaa."